Mgongo wa Kitambaa

4 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kitambaa kimefika salama. Kilikuwa ndani ya gazeti, gazeti ndani ya foronya, foronya ndani ya mfuko wa mchele, na juu yake umeandika TARATIBU mara tatu kwa wino mwekundu. Karani wa posta aliniuliza kama ni hati ya nyumba.

Najua huipendi simu, unasema inakupigia kelele sikioni halafu haikumbuki ilichosema. Basi nakueleza kwa maandishi, maana mama ameniambia unawatangazia majirani kwamba mjukuu wako anashona pazia.

Si pazia. Nimepewa ghala la zamani lililokuwa likihifadhi magunia, urefu wake hatua arobaini na mbili. Humo ndani nitaisimika nakshi ya kitambaa chako, ile mliyoiita mlango wa jirani, kwa kamba nene kama kifundo cha mkono wangu. Ile miraba midogo, kila mmoja na upenyo wake unaotazama upenyo wa mwenzake, itakuwa mirefu kuliko mtu. Watu hawataitazama kwa mbali. Watapita ndani yake.

Sasa usikasirike. Nilipokitandaza mezani, kwa bahati mbaya nilikitandaza kichalichali, na nilipouona mgongo wake sikuitaka tena mbele. Mbele ni safi mno, kama mtu aliyevaa kwenda kupiga picha ya kitambulisho. Nyuma kuna mafundo, kuna mikia ya nyuzi, kuna mahali uzi ulikatika ukaungwa. Nitasimika mgongo.

Na nina swali moja. Kutoka ukingoni hadi katikati, mikia yote ya nyuzi imelala kushoto. Kuanzia katikati hadi mwisho, imelala kulia. Imekuwaje?

Mjukuu wako

11 Februari

Marahaba, mke mwenzangu.

Mgongo wa kitambaa hauonyeshwi. Nilidhani nimekufundisha.

Kule kwetu, mwanamke yeyote akimletea mama yangu kazi ya sindano, mama aliiweka magotini akasifu rangi, akasifu pamba, huku kidole gumba chake kinapapasa chini kwa chini. Kisha akaigeuza. Hapo wote waliokuwa chumbani walinyamaza. Akikuta fundo kubwa hakugomba. Alisema tu, "Huyu alikuwa na haraka," akairudisha. Aliyeambiwa hivyo alikaa miezi mingi bila kuleta kingine.

Na wewe unataka kuutandaza mgongo wangu katika ghala la hatua arobaini na mbili, watu wasionijua wapite katikati. Afadhali ungetundika nguo zangu za ndani. Hizo angalau nilizifua.

Lakini kitambaa nimeshakupa, na mimi si mtu wa kutoa na kurudisha mkono. Usikipige pasi. Usikiache juani. Usimruhusu mtu aliyetoka kula akishike.

Kuhusu mikia ya nyuzi, sikumbuki. Ni miaka arobaini na sita. Uzi hulala unavyotaka.

Bibi yako

20 Februari

Bibi, shikamoo.

Uzi haulali unavyotaka. Wewe ndiye uliyenikalisha kwenye kigoda, nikiwa na miaka saba, ukanionyesha kwamba uzi unalala kule mkono ulikokwenda.

Nimehesabu mafundo. Ni mia tatu na kumi na manane. Yote ninayaelewa, isipokuwa moja. Liko katikati kabisa, pale mikia inapogeuka. Dogo, bapa, limejificha chini ya uzi wenyewe, na ukilivuta ndipo linajikaza. Nimemwita fundi wa mahema, mtu aliyefunga kamba maisha yake yote. Amelitazama kwa lenzi, akajaribu kulifunga kwa kamba yangu mara nne, na mara zote limefyatuka. Akasema, "Dada, hili limefungwa na mtu anayefikiri kinyume," akaenda zake kunywa chai. Kwa hiyo katikati ya ghala kwa sasa kuna kamba mbili zinazoning'inia tu, hii haijafika kwa ile.

Bibi, nimefikiri sana. Nadhani ulianza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Halafu mkahama, na njiani mkono ukaumia, na ulipofika huku ukakimalizia kwa wa kulia. Hukutaka kusema kwa sababu si mtu wa kulalamika. Nimekosea?

Nauliza kwa sababu kuna kadi itakayobandikwa mlangoni, inayosema kazi hii imetoka mikononi mwa nani. Inakwenda kuchapwa tarehe ishirini Aprili, na maneno hayo hayo yataingia kwenye kitabu cha maonyesho. Kadi unaweza kuibandua. Kitabu kikishachapwa kimechapwa. Nataka kilichomo kiwe kweli.

Mjukuu wako

25 Februari

Marahaba.

Ndiyo. Ilikuwa hivyo ulivyosema. Mkono wa kushoto uliumia tulipohama, nikamalizia kwa mwingine.

Huku mvua inanyesha tangu Jumatatu. Paka amezaa tena kwenye kapu la nguo chafu.

Bibi yako

9 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi nikajua nimekugusa pabaya. Nisamehe. Na asante kwa kuniambia.

Nimeandika maneno ya kadi. Haya hapa, uyasome kwa miwani yako nzuri, si ile iliyofungwa uzi:

"Mlango wa Jirani. Kamba, mwanga na hewa. Nakshi hii ni ya kitambaa kilichotariziwa na bibi yangu, kwa mkono mmoja kabla ya kuhama na kwa mkono mwingine baada ya kuhama. Unaposimama katikati, umesimama mahali mkono ulipoumia."

Mlinzi wa ghala, ambaye kwa kawaida huniuliza tu nitaondoa lini takataka zangu, aliyasoma akavua kofia. Mwandishi wa gazeti amekuja akayanakili. Atayatoa juma la ufunguzi.

Nikakuonea huruma, na huruma haitoshi, nikataka kujua. Juzi nimeufunga mkono wangu wa kulia kwa kanga kutoka asubuhi mpaka magharibi, nikajaribu kufanya kila kitu kwa kushoto. Kuandika, kukata, kula, kufunga vifungo vya blauzi. Kufikia saa nane nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya makamba, nimemwaga uji kifuani, ninalia kama mtoto kwa sababu nilikuwa nakufikiria wewe, katika chumba cha kupanga, miaka ile, peke yako na sindano yako.

Sikuwahi kukujua vizuri hivi.

Mjukuu wako

15 Machi

Mjukuu wangu,

Fungua hiyo kanga. Mkono wangu haujawahi kuumia.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa miwani nzuri, na kila nilipofika kwenye uji kifuani niliiweka chini. Uliponipa hadithi ile ya mkono nilifanya kama mtu anayepewa kiti kwenye chumba kilichojaa. Nilikaa bila kuuliza ni cha nani. Sasa nasimama.

Nusu ya kwanza ya kitambaa si yangu. Ni ya mdogo wangu. Nyumbani tulimwita Mashoto kwa sababu ya mkono wake, na jina lake la kweli hata yeye alikuwa analisahau. Wewe umemwona mara moja, msibani kwa kaka yetu, mwanamke mfupi aliyesimama karibu na tangi la maji. Uliniuliza ni nani nikakwambia ni ndugu wa mbali. Tulisalimiana siku ile kama watu waliokutana kwenye foleni.

Alikuwa na miaka ishirini na moja alipokianza. Nakshi ilikuwa ya wanawake wote wa kwetu, lakini hakuna aliyeinyoosha kama yeye, na fundo lile bapa ni lake, alilibuni mwenyewe siku za mwisho kabla hatujahama, ili mama asipate la kupapasa. Siku tuliyohama kulikuwa na malori mawili. Yeye alipanda la mbele na mama, mimi la nyuma na mizigo, na kitambaa kilikuwa kwenye mizigo. Barabarani malori yakaachana. Ilipita miaka miwili kabla sijajua kwamba wako hai.

Katika miaka hiyo miwili nilikimalizia. Nilikuwa nimepanga chumba chenye dirisha moja, na kila jioni kabla jua halijazama nilitarizi kipande kidogo. Nilidhani namlilia. Labda nilikuwa namlilia kweli. Kisha nikasikia karakana moja ya ushonaji inatafuta fundi wa tarizi, nikaenda nacho. Mwenye karakana alikitandaza, akatazama mbele tu, akauliza, "Umekitarizi mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akakipigilia ukutani juu ya cherehani yangu ili wateja wakione. Kazi yote uliyoniona nikiifanya, wanafunzi wote walioniita Mwalimu, vilitoka kwenye ndiyo ile.

Mashoto alifika asubuhi ya siku ya Alhamisi. Alikuwa amenitafuta mji mzima. Tulikumbatiana, nikamtengea kiti, na mwenye karakana akampa kitambaa kidogo ajaribu, maana tulihitaji mtu wa pili. Alitarizi mlango wa jirani. Angetarizi nini kingine? Mwenye karakana akakitazama, akatazama ukutani, akacheka kwa wema, akasema, "Mama, wewe unamwiga dada yako. Huku tunahitaji mtu mwenye kitu chake."

Mashoto akaniangalia.

Nilikuwa namfungia mteja pindo la gauni, nina pini nne mdomoni. Kwa miaka arobaini na minne nimejiambia kwamba ni zile pini. Lakini pini hutolewa. Inachukua muda gani kutoa pini nne?

Mashoto alikwenda hadi ukutani, akagusa pindo la kitambaa kwa kidole kimoja, akabeba mfuko wake akatoka. Angeweza kukigeuza, mbele ya wote, na ingekuwa imekwisha. Hakukigeuza. Baadaye nikasikia amekwenda mji mwingine, anapika katika shule. Hajashika sindano tena.

Unaona sasa kwa nini sikutaka mgongo.

Fanya utakavyoona ni sawa na kadi yako.

Bibi yako

2 Aprili

Bibi, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa sijui naandika nini, halafu nilijua, halafu nikawa na hasira, nikasubiri ziishe.

Nimempigia mwandishi wa gazeti nikamwambia ayaache maneno yale. Aliuliza kwa nini, ilikuwa habari nzuri. Nikasema ndiyo, ilikuwa nzuri.

Kadi nitaibadilisha, hiyo ni kazi yangu. Lakini siwezi kuandika jina la mtu mlangoni bila yeye kujua, tena kwenye kazi aliyonyang'anywa. Mtu wa kumwambia si mimi. Mama amenipa anwani ya bibi mdogo. Ipo nyuma ya karatasi hii.

Mchapaji anasubiri mpaka tarehe ishirini. Asipojibu, nitaacha kadi tupu.

Mjukuu wako, bado

6 Aprili

Mdogo wangu Mashoto,

Nimeanza barua hii mara saba. Nitaiandika kama orodha ya dukani, la sivyo haitafika mwisho.

Mtoto wa binti yangu, yule mrefu, amejenga kwa kamba nakshi ya kitambaa chako katika ghala kubwa. Nasema chako. Amejenga mgongo, na mgongo unaonyesha kila kitu. Mkono wako umelala kushoto, wangu kulia. Aliniuliza nikamdanganya. Kisha nikamwambia kweli yote, pamoja na pini.

Siku ile nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja na sikulisema. Nawe ungeweza kukigeuza mbele ya wote, hukukigeuza, na mpaka leo najiuliza kwa nini. Sina sababu ya kukupa. Nilikuwa na sababu nyingi, nilizipanga vizuri kabatini, na nilipozitoa juma hili ili nikuandikie, zote zilikuwa zimeliwa na nondo.

Anataka kuandika mlangoni kazi hii ni ya nani. Sema andike nini. Ukisema nisiandikwe kabisa, haki yako. Na fundo lako hakuna anayeliweza. Fundi wa mahema ameshindwa, mjukuu ameshindwa, mimi nimeshindwa tangu enzi zile. Ghala litafunguliwa tarehe ishirini na nane, kamba mbili zikining'inia katikati.

Sitakanyaga huko kabla yako.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Utaona wino umepakazika. Mkono ni ule ule, unafuta kila unachoandika. Mwalimu wa darasa la pili alinichapa kwa hilo, hakufanikiwa.

Umeuliza, kwa hiyo nakujibu. Nilikigeuza. Sio siku ile ya Alhamisi. Kesho yake nilirudi saa ya chakula, wewe hukuwepo, yule mama mwenye karakana alikuwa anasinzia. Niliinua kona nikachungulia mgongo. Nilitaka kuona kama umelifumua fundo langu. Mtu anayeiba huanza na hilo. Nikakuta umeliacha lilivyo, tena umeanza uzi wako pembeni yake, kwa heshima, kama mtu anayekaa kando ya aliyelala. Nikajua utasema. Nikarudi chumbani kusubiri.

Nilidhani ni jambo la wiki moja.

Baada ya mwezi nilikwenda kupika. Nimepikia watoto wa watu miaka thelathini na mmoja, na sufuria haikuniuliza namwiga nani. Si maisha mabaya. Ila sijakusamehe, usije ukaambiwa nimekusamehe. Ninakujibu, hilo ni jambo jingine.

Kadi aandike hivi: nusu ya kwanza Mashoto, nusu ya pili dada yake. Basi. Asiweke maneno ya kuliza watu.

Siku ya ufunguzi siji, sina nguo ya kusimama na watu wenye glasi mkononi. Nitakuja wiki inayofuata, katikati ya wiki, na wewe usiwepo.

Mashoto

3 Mei

Bibi yangu, shikamoo.

Bibi mdogo amekuja jana. Nilikuwa nimepanga kumpokea stendi, lakini alifika mwenyewe, akamwambia mlinzi, "Nimekuja kuona nguo yangu," na mlinzi akamruhusu bila kumuuliza tiketi.

Alisimama mlangoni akasoma kadi. Akasema, "Ndefu." Ina maneno tisa, Bibi.

Kisha akaingia. Alipita mraba mmoja mmoja, kila upenyo, hakuruka hata mmoja, na njiani alikuwa akipapasa kamba kwa kidole gumba, chini kwa chini. Nilimfuata kwa nyuma. Kwenye mraba wa nne alisema, "Hapa taa ilizimika." Kwenye wa saba akasema, "Hapa dada alinichekesha." Alipofika katikati, pale mikia inapogeuka, alizishika zile kamba mbili zinazoning'inia.

Vidole vyake vimevimba viungo. Alinionyesha, kama mtu anayeonyesha viatu vibovu. Akasema sindano haishiki tena, hata kifungo anafungiwa na jirani. Nikamwambia basi asijisumbue. Akanitazama kuanzia miguuni. "Uzi siushiki," akasema. "Hii naishika."

Akaichukua kamba ya kushoto, akaikumbatia kama anamvalisha mtoto sweta, akazungusha, akaingiza chini, akaniambia nivute. Nikavuta. Likajikaza. Fundi wa mahema, niliyemwita kwa simu akaja mbio na mkate mkononi, alilizunguka mara mbili, akasema hajaona bado alichokifanya.

Nilimpa na kamba ya pili, ile ya kulia, ili azikutanishe. Akairudisha mikononi mwangu. Akasema, "Hiyo si yangu. Mwenyewe yupo, na anajua basi linapoondokea."

Kwa hiyo fundo lake limesimama peke yake, na kamba yako iko sakafuni, nimeizungusha vizuri ili watu wasiikanyage. Watu wanaipita pembeni. Wanadhani ni sehemu ya kazi.

Aliondoka saa kumi. Amesema Jumatano ijayo anaweza akawa anapita maeneo haya, ana shughuli zake.

Mjukuu wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Mjukuu ameniandikia. Nimelipa tiketi ya basi la asubuhi, Jumatano. Kama shughuli zako zitakupitisha karibu na ghala, nitakuwa mle ndani, sakafuni, na kamba yangu.

Usinisaidie. Nitalifunga kwa mkono wangu wa kulia, fundo la kawaida, na najua litakuwa kubwa kama ngumi. Wewe njoo tu ukaribie, ulipapase kama mama, na usiseme kwamba ni zuri.

Sema huyu alikuwa na haraka.

Dada yako